Homa ya Bonde la Ufa: neti haimlindi anayechinja

"Daktari, mimi nalala ndani ya neti." Jibu hilo nimelipokea mara nyingi mno kwa wafugaji wa Kilwa na Nachingwea, kila ninapouliza kwa nini wamemvuta mtoto mfu wa mbuzi kwa mikono mitupu.

Ni kweli kwamba mbu hueneza homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaofanya mifugo watupe mimba na unaompata binadamu pia. Baadhi ya mbu wa jenasi ya Aedes hutaga mayai yenye virusi, mayai hayo hukaa miaka kadhaa katika udongo mkavu, na mvua kubwa zinapojaza madimbwi huanguliwa mbu ambao tayari wameambukizwa. Ndiyo maana milipuko ya 1997 hadi 1998 na ya 2006 hadi 2007 ilifuata mvua za kupita kiasi. Hata hivyo, wengi wa binadamu wanaoupata huambukizwa kwa kugusa damu, viungo au majimaji ya mnyama mgonjwa. Virusi hupenya kwenye mchubuko wa kidole ambao mwenyewe hajauona, au hufuata matone yanayoruka machoni na puani. Kwa hiyo ninawasihi: mbuzi aliyetupa mimba asichinjwe haraka kabla hajafa, eti nyama isipotee, kwa maana mchinjaji ndiye anayeipokea damu ikiwa bado ya moto. Glavu zinapatikana katika duka la dawa, na anayemudu sindano ya oksitetrasaikilini, dawa ya kuua bakteria ambayo haiwezi kitu mbele ya virusi, anazimudu glavu pia. Kitoto kilichotupwa na kondo la nyuma vifukiwe kwenye shimo ambalo mbwa hawezi kulifukua.

Wengine husema huu ni ugonjwa wa Bonde la Ufa, si wa Kusini. Jina limetokana na mahali virusi vilipotambuliwa, karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 2000 vilifika Saudi Arabia na Yemen, na mwaka 2007 zaidi ya watu 100 walifariki hapa Tanzania, Dodoma na Morogoro zikiumia sana. Lindi nayo imepokea makundi makubwa ya ng'ombe tangu wafugaji walipohamishwa kutoka ardhi oevu ya Ihefu, mkoani Mbeya.

Kwamba mgonjwa ataambukiza nyumba nzima, hapana; hakuna maambukizi ya mtu kwa mtu yaliyothibitishwa. Kwamba kila homa ni malaria, hapana tena, na aliyehudumia mnyama aliyetupa mimba amwambie mganga wa zahanati jambo hilo kabla hajaulizwa, hasa akiona ukungu machoni au akitokwa damu. Maziwa yachemshwe, nyama iive.

Chanjo ya mifugo nayo huombwa mlipuko ukishaanza, wakati ambapo sindano moja inayopita mnyama hadi mnyama inaweza kuvisambaza virusi zizi zima. Wakati wake ni kiangazi, kabla ya mvua za Desemba, na chanjo hai ya Smithburn, yaani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, asidungwe mnyama mwenye mimba, kwa kuwa inaweza kumfanya aitupe.