Ruki ni nani, na kwa nini kwotabeki wa mwaka wa pili si ruki

Msimu wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, unapokaribia, mashabiki hugeukia kwotabeki, yule anayepokea mpira kutoka kwa senta na kuamua uende wapi. Timu ikitangaza kwamba kijana fulani ndiye atakayeanza mechi ya kwanza, na hajawahi kuwa chaguo la kwanza kabla ya hapo, wengi humwita ruki papo hapo. Mara nyingi huwa wamekosea, na kosa lenyewe huharibu kila utabiri unaofuata: atashinda mechi ngapi, pasi zake ngapi zitanaswa na wapinzani, apewe muda gani.

Ruki ni mchezaji aliye katika msimu wake wa kwanza ndani ya NFL. Maana yake inaishia hapo. Umri hauhusiki, wala idadi ya mechi alizocheza. Hesabu huanza anapochaguliwa kwenye drafti ya Aprili, zoezi ambalo timu hupokezana zamu kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, au anaposaini mkataba wake wa kwanza ikiwa hakuna timu iliyomchagua, na hufungwa msimu unapomalizika. Awe amecheza mechi zote 17, amekaa benchi mwaka mzima au ameumia Agosti akaishia kwenye orodha ya majeruhi, mwaka wake wa uruki umekwisha na hautarudi.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho watu hawataki kukikubali. Mfano ulio wazi ni J.J. McCarthy. Minnesota Vikings walimchagua wa 10 kwenye drafti ya 2024. Agosti mwaka huohuo akachanika meniskasi, gegedu la ndani ya goti, katika mechi za maandalizi, na hakucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida. Alipokabidhiwa timu mwaka 2025, wako waliomwita ruki kwa hoja kwamba hajawahi kurusha pasi kwenye mechi inayohesabiwa. Hoja hiyo ina mantiki ya mtaani, lakini ligi haiitambui. Mwaka 2025 McCarthy alikuwa mchezaji wa mwaka wa pili, na tuzo ya ruki bora haikumhusu.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko ni michezo mingine ya Marekani, ambako kanuni ni tofauti kabisa. Kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu, mchezaji anayekosa mwaka mzima hubaki ruki. Blake Griffin alichaguliwa 2009, akakosa msimu wote kwa jeraha la goti, akaanza kucheza mwaka uliofuata na kutwaa tuzo ya ruki bora mwaka 2011. Ben Simmons alichaguliwa 2016 na tuzo hiyohiyo akaipata 2018. Besiboli nayo inahesabu kazi yenyewe: mpigaji huacha kuwa ruki akivuka zamu rasmi 130 za kupiga, mrushaji akivuka iningi (vipindi vya mchezo) 50, au mchezaji yeyote akishakaa siku 45 kwenye kikosi kikuu. Ndiyo maana Ichiro Suzuki, aliyekwisha kuwa nyota Japani kwa miaka mingi, alipewa tuzo ya ruki bora Marekani mwaka 2001. Shabiki aliyelelewa na NBA anapohamia NFL huja na kanuni yake begani, na hakuna anayemwambia aitue.

Chanzo cha pili kiko ndani ya futiboli yenyewe, kwenye vyuo. Chuoni mchezaji anaweza kutunza mwaka wake wa kustahiki kucheza. Tangu 2018 anaruhusiwa kucheza hadi mechi 4 katika msimu na bado mwaka huo usihesabiwe dhidi yake. Kwa hiyo kwenye orodha za vyuo utakuta mwanafunzi wa mwaka wa pili darasani ambaye uwanjani bado anaitwa wa mwaka wa kwanza, na jina hilo ni hadhi rasmi. Watu wanalichukua wazo hilo na kulipeleka NFL, ambako hakuna kitu kama hicho. Mshahara unalipwa na mkataba unaliwa, kwa hiyo mwaka hauwezi kuwekwa akiba.

Kuna tofauti nyingine ndogo ambayo hata watangazaji huipita. Kwenye orodha za timu, safu ya uzoefu huandikwa herufi R kwa ruki. Lakini utawaona wachezaji wengine wameandikiwa 1, na hao si maruki. Ni watu ambao walishawahi kuwa kambini na timu ya NFL au kwenye kikosi cha mazoezi miaka ya nyuma, ila hawakuwa na mechi za kutosha kuhesabiwa msimu. Kurt Warner ndiye wa kukumbukwa hapa. Green Bay Packers walimwita kambini 1994 wakamwacha, na alipopata nafasi kwa St. Louis Rams mwaka 1998 hakuwa ruki wa kawaida tena. Mwaka 1999, alipoingia baada ya Trent Green kuumia na kuipeleka Rams hadi ubingwa, ulikuwa msimu wake wa pili kwenye ligi. Hadithi inayosimuliwa kwamba ruki alitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, mwaka ule si kweli.

Na si Warner peke yake. Tom Brady alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, akarusha pasi 3 tu msimu ule, moja ikafika. Alichukua nafasi ya Drew Bledsoe Septemba 2001 na kushinda Super Bowl ya msimu huo: mwaka wa pili. Ben Roethlisberger alianza mechi akiwa ruki 2004, akashinda ubingwa na msimu wa 2005: mwaka wa pili. Russell Wilson, msimu wa 2013: mwaka wa pili. Hakuna kwotabeki ruki aliyewahi hata kuanza mechi ya Super Bowl. Miongoni mwa waliofika hatua moja kabla yake ni Shaun King, Roethlisberger, Joe Flacco, Mark Sanchez, Brock Purdy na Jayden Daniels, na wote walipoteza fainali ya konferensi, yaani ya mojawapo ya pande mbili za ligi. Ukichanganya mwaka wa kwanza na wa pili, mpaka huo wote unafutika, na huo ndio ukweli mkubwa kuliko yote kuhusu makwotabeki maruki.

Timu iliyoonyesha tofauti hii vizuri zaidi ni San Francisco 49ers ya 2022. Walianza msimu na Trey Lance, waliyemchagua wa 3 mwaka 2021. Lance alikuwa ndiyo kwanza anakabidhiwa timu, lakini si ruki. Mwaka uliotangulia alishaanza mechi mbili. Akavunjika kifundo cha mguu kwenye mechi ya pili. Jimmy Garoppolo akaingia, naye akaumia Desemba, na ndipo akaja Purdy, aliyechaguliwa wa 262, wa mwisho kabisa kwenye drafti ya mwaka huohuo. Huyo ndiye aliyekuwa ruki. Alishinda mechi zote 5 za msimu wa kawaida alizoanza na mbili za mtoano, kisha kiwiko kikaumia dhidi ya Philadelphia Eagles. Mwaka uliofuata aliipeleka timu Super Bowl dhidi ya Kansas City Chiefs, na kwa mara nyingine wako waliosema ruki yuko fainali. Hakuwa ruki tena.

Kwa nini mwaka mmoja una uzito hivi? Tazama kalenda. Kwotabeki anayetoka chuoni huitumia Januari na Februari kujiandaa kwa majaribio ya Indianapolis: kukimbia yadi 40, kupimwa urefu na mkono, kurusha pasi bila mlinzi yeyote mbele yake. Drafti huwa mwishoni mwa Aprili. Mei anaingia kambi fupi ya maruki, kisha mazoezi ya pamoja, Julai kambi yenyewe, Agosti mechi 3 za maandalizi ambazo wakongwe hawazichezi sana. Mwanzoni mwa Septemba ligi imeanza. Kutoka jina lake kutajwa hadi mechi ya kwanza ni kama miezi minne na nusu. Mwenzake wa mwaka wa pili hakupoteza Januari kwenye majaribio, aliingia kwenye programu ya timu Aprili ilipofunguliwa, na kitabu cha mipango ya uwanjani anakirudia, hakisomi upya.

Kitabu hicho nacho si kidogo. Kwenye NFL kocha anaongea na kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya helmeti, na redio hukatwa saa ya kuhesabu muda wa kuanzisha kila mchezo inapobakiza sekunde 15 kati ya 40. Ndani ya muda huo lazima asikie mpango, aurudie kwa sauti kwa wenzake 10, wajipange, amtambue lainibeka wa katikati (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya wapinzani), aelekeze safu ya mbele imzuie nani, na abadilishe mpango ikibidi. Vyuo vikubwa vilianza kuruhusu redio hizo 2024 tu, na timu nyingi za chuo ziliishi kwa ishara na kadi za pembeni, wachezaji wakitazama benchi badala ya kukusanyika. Kijana anaweza kufika NFL akiwa hajazoea kabisa kuutamka mpango mrefu mbele ya wenzake.

Uwanja wenyewe nao unabadilika. Mistari ya ndani inayoamua mpira uwekwe wapi iko umbali wa futi 40 kwenye vyuo, lakini futi 18 na inchi 6 kwenye NFL. Chuoni upande mmoja wa uwanja unakuwa mpana sana, na wapokeaji hupata nafasi ya bure huko. NFL mpira huwa karibu na katikati kila wakati, nafasi hiyo haipo, na pasi inayofika ikiwa imechelewa nusu sekunde inanaswa. Halafu kuna ile michezo ambayo kwotabeki huamua papo hapo kati ya kumpa mkimbiaji mpira na kurusha pasi: chuoni wanaume wa safu ya mbele wanaruhusiwa kusonga yadi 3 kabla ya pasi, NFL yadi 1. Kwa sababu hiyo mengi yaliyompatia sifa hayafanyi kazi tena Septemba.

Ndiyo sababu mwaka wa uruki una sura zake. Peyton Manning mwaka 1998 alinaswa pasi 28, idadi ambayo bado ni rekodi ya ruki, na Indianapolis Colts wakamaliza na ushindi 3 na vipigo 13. Caleb Williams, chaguo la kwanza la 2024, aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 68. Wapo wanaong'aa: C.J. Stroud 2023 alirusha pasi za tachidauni, yaani za kufunga, 23 kwa pasi 5 tu zilizonaswa, na Jayden Daniels 2024 alikimbia yadi 891, nyingi kuliko kwotabeki ruki yeyote kabla yake. Tunawashangaa kwa sababu walifanya hivyo kwenye mwaka ule mgumu.

Patrick Mahomes alirusha tachidauni 50 mwaka 2018 na kuwa mchezaji bora wa ligi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa chaguo la kwanza la timu, lakini alikuwa ameshakaa mwaka mzima nyuma ya Alex Smith na kuanza mechi moja kule Denver mwishoni mwa msimu wa 2017. Rekodi ya tachidauni za pasi za ruki ni 31, za Justin Herbert, na ile 50 ya Mahomes haihesabiwi humo. Anayempima kijana wa drafti ya mwaka huu kwa Mahomes wa 2018 anampima kwa kipimo cha mwaka mwingine.

Nisieleweke kwamba kukaa benchi ni sawa na kucheza. Kwotabeki wa akiba hupata mazoezi machache na kikosi cha kwanza, na katikati ya wiki kazi yake kubwa ni kumwigiza kwotabeki wa wapinzani ili walinzi wa timu yake wajiandae. Anaendesha mipango ya timu nyingine. Kwa hiyo anayeanza kwa mara ya kwanza mwaka wa pili au wa nne ana upungufu wake halisi. Hajajua kasi ya mechi, na mkataba wake umepungua. Mikataba ya waliochaguliwa ni ya miaka 4, timu ikiwa na hiari ya mwaka wa 5 kwa wa raundi ya kwanza pekee, na hiari hiyo huamuliwa baada ya msimu wa tatu. Jordan Love alichaguliwa 2020. Ilipofika Mei 2023 Packers walilazimika kuamua juu ya mtu aliyekuwa ameanza mechi moja tu. Wakamwongezea mwaka mmoja kwa masharti mengine. Msimu huo alianza kwa kusuasua, kisha akamaliza na tachidauni 32 na ushindi wa mtoano kule Dallas.

Mtu wa namna hiyo anastahili jina lake: kwotabeki anayeanza kwa mara ya kwanza. Ni maneno mengi kidogo, lakini yanasema kweli. Msimu ujao ukitaka kumtabiria kijana wa timu yako, angalia kwanza amechaguliwa mwaka gani. Kama ni drafti ya mwaka huu, mlinganishe na Manning wa 1998, Stroud na Daniels, na umvumilie hadi Novemba. Kama ni ya mwaka jana au kabla, mlinganishe na Love wa 2023 au McCarthy wa 2025, na una haki ya kumdai zaidi kuanzia mechi ya kwanza.