Amri ya Milano haikuufanya Ukristo kuwa dini ya dola

Amri ya Milano ni makubaliano ya mwaka 313 ambayo makaisari Konstantino na Licinius waliwaachia Wakristo wa Dola ya Roma, pamoja na watu wengine wote, uhuru wa kuabudu. Anayesema hapo ndipo Ukristo ulipokuwa dini ya dola amewahi kwa miaka 67.

Jina lenyewe linapotosha. Kwa Kilatini *edictum* ni tangazo la mtawala kwa umma, kutokana na *edicere*, kutamka hadharani. Maandishi tuliyonayo si tangazo bali barua kwa gavana, iliyobandikwa Nicomedia, mji ulioko Uturuki ya leo, tarehe 13 Juni 313. Aliyeibandikisha ni Licinius, akiwa ametoka kumshinda Maximinus Daia, mtesi wa Wakristo upande wa mashariki. Milano ndipo Konstantino na Licinius walipokutana Februari, Licinius alipomwoa Constantia, dada yake Konstantino. Kiswahili kina neno linalokaa vizuri zaidi: waraka. Ndivyo tunavyoita maagizo ya wizara kwa watendaji wake, na ndivyo tunavyoita barua za Paulo.

Tena ni waraka wa mali kuliko wa imani. Mahali pa ibada palipotwaliwa parudishwe bila malipo wala kucheleweshwa. Aliyepanunua au kupewa zawadi adai fidia serikalini. Vilivyokuwa mali ya jumuiya virudishwe kwa *corpus* ya Wakristo, yaani mwili wao kwa pamoja, si kwa mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo penye uzito: sheria inaitambua jumuiya ya Kikristo kuwa mwenye mali. Ruhusa ya kukusanyika ilikwisha kutolewa na kaisari Galerius tarehe 30 Aprili 311, siku chache kabla ya kufa kwake, lakini yeye hakuagiza mali irudishwe.

Dini ya dola ilikuja tarehe 27 Februari 380, Thesalonike. Kaisari Theodosius, pamoja na makaisari wenzake Gratian na Valentinian II, aliagiza watu wafuate imani ya maaskofu Damasus wa Roma na Petro wa Aleksandria. Hiyo ilielekezwa kwa wananchi wa Konstantinopoli, kwa hiyo ni amri kwa maana kamili ya neno.

Basi kwa mwaka 313 tuseme Wakristo walipewa uhuru na kurudishiwa mali. "Dini ya dola" tuiachie 380.