Taa ya nje na priza ya uani: pesa inaishia wapi?

Mtu wa Goma akitaka taa mbili za nje na priza (soketi) moja ya uani, anashuka Birere, mtaa wa maduka, anauliza bei ya taa kwenye kenkayeri (duka la vifaa) mbili tatu, anarudi nyumbani na hesabu yake kichwani. Kisha fundi anamletea devi, yaani karatasi ya makadirio ya gharama, inayopita ile hesabu kwa mbali, na ugomvi unaanzia hapo. Sisi tunaofundisha umeme huletewa devi kama hizo tuzisome. Mara nyingi fundi hajaiba. Taa na priza ndiyo sehemu ndogo. Pesa inaliwa na njia ya kuzifikia.

Kwingine fundi angechimba mtaro, akalaza waya ndani ya tiyo (bomba la waya), akafukia. Hapa jembe linagonga lava. Pale ilipopita lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, mita kumi za mtaro ni kazi ya nyundo na mtalimbo, na mvunja mawe analipwa kwa siku. Kama ukuta wa uzio upo, pitisha tiyo juu yake, ifungwe vizuri. Haipendezi sana machoni, lakini inakuondolea gharama kubwa kuliko zote. Kwa nyumba ya mbao sina mjadala: waya usiguse ubao hata kidogo, uwe ndani ya tiyo mwanzo hadi mwisho.

Umbali una gharama yake nyingine. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 unatosha taa. Priza ipewe 2.5. Ukipeleka ampea 10 kwenye priza iliyo mita 40 kutoka kwenye kontera (mita ya umeme), waya wa 1.5 unapoteza volti 9 hivi njiani, wa 2.5 unapoteza kama 5 na nusu. Umeme wenyewe ukifika tayari umechoka, pampu ya maji itakuambia haraka nani alibana pesa.

Sasa ule mstari wa devi ambao wateja hupenda kuufuta: dijonkteri diferansieli ya miliampea 30. Ni kifaa kinachokata umeme kikiona kiasi kidogo kimevuja, labda kupitia mwili wa mtoto aliyeshika pasi akiwa pekupeku kwenye majani yenye maji. Kwetu kina sababu ya ziada. Chuma cha ardhi, kile kinachopigwa chini ili umeme uliovuja upate njia ya kwenda udongoni, hakizami kwenye mwamba, na lava kavu haipitishi umeme vizuri. Diferansieli ya miliampea 500, ukitaka volti za hatari zisipite 50, inadai ardhi yenye ukinzani usiozidi omu 100, na kwa mawe haya kuipata ni shida. Ile ya 30 inavumilia hadi omu 1,600 na kitu. Hiyo haimaanishi uache waya wa ardhi; maana yake ni kwamba ardhi yetu mbovu bado inaweza kukulinda. Na ile adapta ya kuchomekea birika lililotoka Kampala, nyingi hazipitishi waya wa ardhi kabisa.

Kwenye taa na priza zenyewe, soma herufi IP. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji: IP44 inastahimili matone yanayorushwa kutoka kila upande, IP65 inastahimili hata maji yanayorushwa kwa mpira wa bomba. Chini ya baraza 44 inatosha. Taa za bati jembamba ziache dukani. Moshi wa Nyiragongo unachachusha mvua, na umeona unavyokula mabati ya paa.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye devi. Usiku wetu ni saa 12 mwaka mzima. Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka usiku kucha inakula kilowati-saa 3.6 kwa mwezi. Projekteri, ile taa kubwa ya kumulika uwanja, ya wati 100 inakula 36.

Mwambie fundi atenganishe vifaa na kazi, aandike urefu wa waya na unene wake. Akimaliza, abonyeze mbele yako kitufe cha T kwenye diferansieli: umeme ukatike papo hapo. Usipokatika, usilipe bado.

Na wewe ambaye bado unajenga, laza waya mtupu wa shaba wa milimita mraba 25 kuzunguka shimo la msingi kabla betoni haijamwagwa. Siku hiyo unalipia waya tu, kwa sababu mawe yameshavunjwa.