Sosholojia ya umma ni nini hasa?

Watu wengi wakisikia sosholojia ya umma wanadhani ni profesa kuitwa kwenye TV aeleze kwanini vijana wanaandamana. Hiyo nayo imo lakini ni kipande kidogo tu. Sosholojia yenyewe ni elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja, nani yuko juu, nani yuko chini na nini kimemweka pale, sasa ikishakuwa ya umma maana yake matokeo hayaishii kwenye majarida ya wasomi, yanarudi kwa watu waliohojiwa, nao wanajibu, wanabisha, wanasema hapa umekosea, mpaka wakati mwingine swali lenyewe la utafiti linabadilika kwa sababu yao.

Wengi tunamjua yule mtu wa dodoso. Anabisha hodi, anauliza mko wangapi humu ndani, mnapikia nini, choo mnachangia na nani, umesoma mpaka darasa la ngapi, anaandika, anashukuru, anaondoka na humwoni tena. We umetoa maisha yako yote kwenye karatasi zake na hujui zimeenda wapi. Hicho ndo kidonda ambacho sosholojia ya umma inajaribu kukigusa, na kwenye mambo ya rangi ya ngozi kinauma zaidi manake anayeulizwa mara nyingi ameshahukumiwa kabla hajafungua mlango.

Kwa mimi mfano mkubwa kuliko yote ni W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia mweusi wa Marekani. Mwaka 1896 alikuwa na miaka 28, mwaka mmoja tu tangu awe mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari (PhD) Chuo Kikuu cha Harvard, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kikampa kazi ya kuchunguza watu weusi wa Philadelphia, eneo la Seventh Ward. Wakubwa wa jiji walikuwa na jibu tayari, kwamba uchafu wa siasa na uhalifu unatokea kule kwa weusi, walichotaka ni msomi wa kuliwekea muhuri. Du Bois akahamia kulekule na mke wake, chumba kimoja juu ya mgahawa, akawa anapita mlango kwa mlango mwenyewe, kaya kama 2,500. Na wenyeji hawakumpokea kwa mikono miwili! Alikuja kueleza baadaye kwamba hawakupenda kuchunguzwa kama viumbe vya ajabu, hata kama anayewachunguza ni mweusi mwenzao. Akakaa, akasikiliza. Kitabu kilichotoka 1899 kiligeuza swali: badala ya kuuliza watu hawa wana kasoro gani, kikaonyesha viwanda vilivyowafungia milango, kodi kubwa wanazolipa kwa vyumba vibovu, na kwamba hata wao kwa wao wana matabaka, sio kundi moja la watu wanaofanana.

Mwaka 1900 yeye na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Atlanta, alikokuwa anafundisha wakati huo, wakachora chati kama 60 kwa mkono, wino na rangi, nyekundu, kijani, njano, moja ina mstari mwekundu unaojizungusha kama konokono kuonyesha weusi wangapi wanaishi shamba na wangapi mjini. Zikapelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, na Du Bois hela ilikuwa imemwishia akasafiri daraja la chini kabisa la meli ili azifikishe. Zilipata medali ya dhahabu, ila mi kinachonigusa ni kwamba mtu yeyote aliyepita pale hata asiyejua kusoma ripoti angeelewa.

Lakini kabla ya Paris kuna tukio lililombadilisha moja kwa moja. Mwaka 1899 huko Georgia, jimbo la kusini mwa Marekani lenye huo mji wa Atlanta, mtu mweusi aitwaye Sam Hose aliuawa na kundi la wazungu. Du Bois alikuwa ameandika barua yenye hoja za kitulivu kuhusu kesi yake, akawa anaipeleka ofisi ya gazeti Atlanta, njiani akaambiwa Hose ameshauawa na vifundo vya vidole vyake vimewekwa dukani watu watazame. Akageuza akarudi. Toka hapo akaona mtu hawezi kukaa akihesabu takwimu kwa utulivu wakati watu wake wanachinjwa. 1910 akahamia New York kuhariri The Crisis, jarida la chama cha kutetea haki za weusi, na mwaka 1917 humo humo akaeleza kwanini weusi wanakimbia Kusini kwenda miji ya Kaskazini: wadudu wameharibu pamba, mafuriko, mishahara duni, mauaji, na huku viwanda vinataka watu kwa sababu Vita ya Kwanza ya Dunia imekata wahamiaji wa Ulaya. Yaani uhamiaji, rangi na haki ameviweka kwenye ukurasa mmoja, na wasomaji wake ndo walewale waliofunga mizigo.

Hilo jina lenyewe la sosholojia ya umma lilikuja kuvuma baadaye sana. Michael Burawoy, ambaye alianza utafiti kwenye migodi ya shaba ya Zambia, alilipigia debe 2004 akiwa rais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani. Alisema kuna sosholojia ya kitaalamu, ya kisera, ya kukosoa na ya umma, na hiyo ya umma ina njia mbili: kuandika magazetini, au kukaa kabisa na vyama vya wafanyakazi, majirani, watetezi wa wahamiaji. Kuna wenzake waliopinga wakisema sayansi itageuka siasa. Hofu yao naielewa, ila nakumbuka Philadelphia, ambako wale walioagiza utafiti tayari walikuwa na siasa yao.

Na kazi bado ipo. Kuna Wakongo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma wakapelekwa Marekani. Kambini mtu alikuwa na kabila lake, Mbembe au Mfulero, huko anapewa fomu ya sensa yenye kisanduku kimoja cha mweusi, anatia alama palepale anapotia mzao wa watumwa wa Georgia. Kwenye takwimu za rangi hao wawili mara nyingi wanahesabiwa kitu kimoja. Ukikaa nao sebuleni ukaongea Kiswahili, mmoja atakuuliza kwanini hapa hakuna anayemuuliza kabila lake, na kwanini polisi anamwangalia vile.