Rangi pinzani: kwa nini nywele za shaba huyakoleza macho ya buluu

Mama mmoja anauza mawese karibu na kituo ninaposhukia daladala, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma. Kila asubuhi hutandika turubai la buluu, lile la kawaida la kufunikia mizigo, akapanga chupa zake juu yake, na mtu ukiwa ng'ambo ya barabara unaona chungwa linawaka. Siku turubai lilipochanika akatandika mkeka mwekundu wa plastiki. Nilipita nikajua kabisa kwamba mzigo wa siku hiyo ni mbovu, yamefifia. Nikainama kuangalia: mawese ni yaleyale, yameiva vizuri, kilichobadilika ni kilicho chini yake.

Nilipomwambia arudishe turubai alicheka. "Haya, mtu wa nywele, na biashara ya mafuta nayo unanifundisha?" Ila kesho yake nilikuta turubai limeshonwa.

Mimi ni msusi. Nimeanza na mawese kwa sababu kila mteja anayeniuliza "rangi gani itanipendeza?" anauliza, bila kujua, habari ya turubai na chupa. Jambo hilo lina jina: rangi pinzani.

Rangi pinzani ni rangi mbili zinazotazamana kwenye duara la rangi. Isaac Newton, mwaka 1704, alichapisha mchoro wa rangi za upinde wa mvua zikiwa zimepangwa kwenye duara, na wachoraji waliomfuata wakaugeuza kuwa kitendea kazi. Katika duara la wachoraji, nyekundu inatazamana na kijani, njano na zambarau, buluu na chungwa. Neno "pinzani" lisikupotoshe ukadhani zinagombana. Ukiziweka bega kwa bega, kila moja humkoleza mwenzake. Rangi zilizo jirani kwenye duara, kama chungwa na nyekundu, humezana, na ndicho kilichompata mama wa mawese kwenye mkeka.

Ukitaka kushuhudia mwenyewe, kaza macho kwenye chupa ya mawese iliyo juani kwa sekunde 30 bila kuyahamisha, halafu tazama haraka ukuta mweupe au karatasi. Utaona doa la kibuluu likielea. Halipo ukutani. Ndani ya jicho kuna seli za kupokea rangi, na zile zilizokuwa zikipokea chungwa zimechoka, kwa hiyo kwa muda mfupi zile za upande wa pili zinasikika peke yao. Jicho likishaona chungwa, linakuwa na hamu ya buluu. Sasa fikiria hamu hiyo inakutana na buluu ya kweli, iliyo sentimita chache tu kutoka kwenye nywele zenye rangi ya shaba.

Aliyelifanyia kazi jambo hili kwa undani alikuwa mtu wa nyuzi, na mimi humpenda kwa hilo. Michel Eugène Chevreul alikuwa mkemia Mfaransa, na kuanzia mwaka 1824 alisimamia idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, walikofuma mazulia ya ukutani. Yakamfikia malalamiko: nyuzi nyeusi hazina nguvu, zinaonekana zimechujuka. Akazipima. Rangi ilikuwa nzuri, haina kasoro. Tatizo lilikuwa majirani zake, maana weusi ule ulifumwa kando ya buluu na zambarau, na majirani hao ndio walioufanya uonekane dhaifu. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu namna rangi mbili zilizokaa pamoja zinavyobadilishana sura. Wasusi tunalijua hilo kwa mikono. Rasta ileile niliyomsukia mtu wiki iliyopita akatoka anang'aa, ukimsukia mwenzake anaonekana kama ametoka kuugua malaria.

Turudi kwenye jicho. Jicho la buluu halina chembe ya rangi ya buluu ndani yake. Kinachotia jicho rangi ni melanini, ileile ya ngozi na nywele. Macho yetu mengi huku ni ya kahawia iliyokolea kwa kuwa yana melanini nyingi sehemu ya mbele ya ile pete inayozunguka mboni. Jicho la buluu lina melanini kidogo sana hapo mbele, hivyo mwanga unapoingia hutawanyika, na mwanga wa buluu ndio unaotawanyika zaidi na kurudi kwa anayetazama. Simama ufukweni Kibirizi asubuhi baada ya mvua, vumbi likiwa limetulia, utazame milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Ni ya buluu. Nenda ukaipande uone kama si udongo na majani ya kawaida. Buluu ile imezaliwa na hewa na mwanga, na buluu ya jicho iko karibu na hiyo.

Ndiyo maana macho ya buluu hugeukageuka. Mtu huyohuyo chini ya wingu ana macho ya kijivu, juani yamekuwa ya samawati, akivaa blauzi ya kijani yanaegemea kijani. Jicho la kahawia nzito halina kigeugeu hicho. Kwa hiyo kwa mwenye macho ya buluu uchaguzi wa rangi ya nywele una uzito wa pekee, kwa sababu nywele ndiyo turubai linalokaa karibu na jicho siku nzima, na blauzi huvuliwa.

Mtu atauliza, Kigoma hapa macho ya buluu nayaona wapi? Kwa watu wa aina tatu. Wageni wanaopita kwenda Gombe kuona sokwe. Mabibi harusi wenye lenzi za rangi machoni. Na wenzetu wenye ualbino.

Wa lenzi ndio waliojaa mwezi wa kumi na mbili. Mmoja alikuja na shangazi yake kutoka Ujiji, ngozi maji ya kunde, pakiti ya lenzi mkononi.

"Anti, nataka ile nyeupenyeupe, 613. Lenzi ninazo tayari."

Shangazi akaguna. "Mwanangu, unaolewa au unaenda kuigiza?"

Sikubishana na yeyote. Wanaosuka wanazijua namba hizi za rangi ya rasta: 1 ni nyeusi tii, 2 na 4 ni kahawia nzito, 33 ni kahawia yenye wekundu, 30 inaelekea shaba, 350 ni shaba yenyewe, 27 ni asali, 613 ni ile ya kimanjano iliyokaribia weupe. Nilikata kipande cha kila moja kuanzia 33, nikamtoa mlangoni, maana taa ya tyubu ndani ya saluni inadanganya: inatia ubaridi kwenye kila kitu. Mlangoni, kwenye kivuli chenye mwanga, nikaanza na aliyoitaka. Nikaishika shavuni. Lenzi zake zilikuwa za buluu nyepesi, na 613 nayo ni nyepesi, basi vikaungana: usoni pakabaki weupeweupe mbili na mtu hayupo. Akajitazama kwenye kioo cha mkononi kimya. Nikashika 27. Afadhali. Nikashika 30, na kabla sijasema neno shangazi akasema, "Hiyo hapo. Sasa namwona mtoto wangu."

Kisichosemwa sana ni hiki: buluu haziko sawa, na kila moja ina mpinzani wake. Buluu ya kawaida, ya anga la saa nne, mpinzani wake ni chungwa, na chungwa kwenye nywele tunaliita shaba. Buluu inayoelekea kijani inatazamana na chungwa lenye wekundu, hivyo 33 itamfaa huyo kuliko 27. Buluu inayoelekea zambarau inatazamana na upande wa njano, na hapo ndipo asali na dhahabu zinapopata nafasi yake. Ukikosea kidogo hakuna atakayekufa. Ila ukikosea ukaenda upande wa baridi, kwenye rangi za jivu, nywele na jicho vitakuwa ndugu wa tumbo moja na hakuna atakayemtambulisha mwenzake. Wapo wanaoupenda utulivu huo. Mimi naona ni kulipa pesa ili usionekane.

Na nyeusi je? Nyeusi haina mpinzani kwenye duara, lakini ina nguvu yake nyingine, ya giza dhidi ya nuru. Nywele nyeusi tii zikizunguka macho mepesi huyafanya yatokeze kama taa za mtumbwi wa dagaa usiku. Ni uzuri mkali. Usoni penye sura laini unaweza kuwa mkali mno.

Halafu kuna ngozi, ambayo wanaoandika habari za nywele na macho huiruka. Jicho ni dogo. Kati yake na nywele kuna uso mzima, na uso ndio hakimu. Ngozi zina joto au ubaridi chini ya rangi yake ya juu: wengine wana umanjano au dhahabu, wengine wana wekundu wa kiwaridi. Wanaosema utazame mishipa ya mkono kama ni kijani au buluu hawajafanya kazi na ngozi nyeusi, ambayo mishipa yake huioni. Mimi hutumia vitambaa viwili, kimoja cheupe pe na kingine cheupe cha maziwa, navishika chini ya kidevu. Kinachomfanya aonekane amelala vizuri usiku ndicho kinachonielekeza. Mgeni mmoja aliyerudi Gombe alikuwa na macho ya buluu hasa, lakini pua na mashavu yameungua jua la ziwani, mekundu. Duara lingesema shaba. Ningempa shaba uso wote ungekuwa moto mmoja. Tulikubaliana kahawia yenye asali kidogo, wekundu ukapoa.

Mteja ninayemkumbuka zaidi ana ualbino. Watu hudhani macho yao ni mekundu. Wengi wao yana kijivu cha kibuluu au kahawia hafifu, kwa sababu ileile ya upungufu wa melanini. Huyu kwa miaka alikuwa akipaka piko nyeusi kila mwezi. "Nilikuwa nataka nikipita stendi watu wasigeuke," aliniambia, na kichwani alikuwa na vidonda nyuma ya masikio. Piko nyingi za kupaka zina kemikali iitwayo PPD, ambayo watu wengine ngozi zao haziivumilii kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kupakwa mahali bila kujaribiwa kwanza nikaamka jicho moja limefunga. Tangu siku hiyo mteja mpya wa rangi ya kupaka simpaki bila kumtia tone ndani ya kiwiko na kumwambia arudi baada ya saa 48.

Tuliacha piko, tukasubiri vidonda vipone na nywele zake za asili ziote, nikampa hina safi. Hapa nywele zake zilikuwa na bahati ambayo zetu hazina. Hina kwenye nywele nyeusi inaleta mng'ao mwekundu unaouona juani tu, kwa sababu haiondoi weusi, inaongeza rangi juu yake. Kwenye nywele zake za manjano ya majani makavu inashika mara moja, chungwa kali. Kwa hiyo nilijaribu kwanza shungi moja nyuma ya sikio, nikaangalia saa, kisha nikapaka kichwa kizima kwa muda mfupi na kuosha. Ikatoka shaba laini. Nilikuwa nimemhudumia zaidi ya mwaka mzima, na ni siku ile nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba macho yake yana pete ya kijivu kwa nje na ndani yake ni samawati.

Kwa mwenye nywele nyeusi anayetaka shaba ya kichwani mwake, si ya kusukia, kuna habari njema kidogo. Blichi inapoondoa weusi hupita njia ileile siku zote: kwanza wekundu, kisha chungwa, kisha njano, mwisho njano hafifu. Shaba iko katikati ya safari. Anayetaka 613 lazima afike mwisho, na wengi hufika na nusu ya nywele. Anayetaka shaba anashuka njiani. Ila usije na nywele ulizoziweka dawa ya kulainisha juzi ukataka blichi leo. Zinakatika kama tambi. Mimi humrudisha mtu nyumbani kwa wiki mbili angalau, hata akinuna, na hata kama harusi ni Jumamosi.

Habari za lenzi si kazi yangu, isipokuwa nimeona mabinti wawili wakiazimana jozi moja mbele ya kioo changu, mmoja akiisuuza kwa maji ya bomba. Lenzi haiazimwi, haisuuzwi kwa maji ya bomba wala ya ziwa, na hailaliwi nayo. Jicho likiwa jekundu hakuna namba ya rasta itakayolisaidia.

Bibi harusi wa Ujiji alirudi wiki mbili baada ya sherehe kufumua. Lenzi hakuvaa siku hiyo. Macho yake yalikuwa ya kahawia, yale aliyozaliwa nayo, na namba 30 bado ilimkaa. Nikamuuliza tusuke nini sasa. "Ileile," akasema, "ila ile pakiti nimempa wifi."

"Umempa umeshazivaa?"

Akaangalia chini. Nikaweka kitana mezani, nikamwambia apige simu kwa wifi yake kwanza, ndipo tuanze kufumua.