Maana ya Kushirikishana Data katika Utafiti wa Ncha za Dunia

Kushirikishana data ni utaratibu wa watafiti kuweka vipimo vyao mahali ambapo wenzao wa nchi nyingine wanaweza kuvipata, kuvihakiki na kuvitumia. Katika bara la Antaktika jambo hili halikuachwa litegemee hisani ya mtu. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini mjini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12, zikiwamo Marekani na Umoja wa Kisovieti zilizokuwa mahasimu wa Vita Baridi, unaagiza katika ibara ya 3 kwamba nchi zipashane habari za mipango ya utafiti, zibadilishane wanasayansi na kuyatoa matokeo yao kwa wote, kadiri inavyowezekana.

Ushirikiano huo unaonekana wazi katika kituo cha utafiti cha Vostok, kilichojengwa na Wasovieti huko Antaktika, ambako Julai 1983 baridi ilifikia nyuzi 89.2 za Selsiasi chini ya sifuri. Wasovieti walitoboa barafu na kutoa vipande virefu vya mviringo mithili ya magogo, ndege za Marekani zikasaidia usafirishaji, na maabara za Ufaransa zikafanya sehemu kubwa ya vipimo. Ndani ya barafu hiyo mna viputo vya hewa iliyonaswa theluji ilipokuwa ikishindiliwa na theluji nyingine juu yake. Kipande kikipondwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, hewa ya kale hutoka na kupimwa kiasi chake cha kaboni dayoksaidi. Mwaka 1999 ilichapishwa kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka 420,000 iliyopita, iliyotokana na barafu hiyo.

Hata hivyo, namba tupu haimfai mtu. Mtafiti asipoambiwa kipande kilitoka kina gani, kilihifadhiwa vipi na kilipimwa kwa chombo kipi, hawezi kukilinganisha na kingine. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi ngumu, kwa kuwa kuandika maelezo hayo kunadai uvumilivu mwingi na ni nadra kumletea mtu sifa.

Wala kushirikishana si lazima kufanyike siku ileile. Msafara wa MOSAiC, ambapo meli ya Kijerumani Polarstern iliachwa ichukuliwe na barafu ya Aktiki kuanzia 2019 hadi 2020, uliwapa watafiti wake muda wa kuzichambua data kwanza, kisha zikafunguliwa kwa umma mwanzoni mwa 2023. Naiona hiyo kuwa haki: waliovumilia giza la miezi kadhaa walitangulizwa, lakini tarehe ya kufungua ilikwisha kupangwa, na hakuna aliyeachiwa aamue peke yake.