Eti kumpima mtu IQ ni kusoma maswali tu?

Kila muhula ukianza nasikia yale yale kwa wanafunzi wangu wa saikolojia wanaojifunza kupima, eti tesiti ya akili haina ugumu kwani maswali yameshaandikwa kwenye manuali, we shika stopwachi usome. Thubutu!

Chukua ile sehemu ya kurudia tarakimu kwenye tesiti za Wechsler, zile za IQ zinazotumika sana, unaona kama mchezo wa watoto vile. Tarakimu zinatamkwa moja kila sekunde, na ile ya mwisho unashusha sauti kidogo. Sasa mwanafunzi anazitaja mbilimbili kama anasoma namba ya simu, hapo kashamsaidia mtoto kuzipanga kichwani na hajui. Au mtoto katoa jibu la nusunusu ambalo manuali inataka umwambie aeleze zaidi, yeye kaandika sifuri kaendelea. Halafu kuna hii ya "safi sana!" kila mtoto akipatia, jamani acheni, maana siku ukinyamaza keshajua amekosa. Sifia anavyojitahidi, jibu liache.

Wengine, hata walimu, wanaamini ukipima watu wengi makosa yataisha yenyewe. Hayaishi. Tafiti zilizofanywa Marekani kwa wanafunzi wa saikolojia zilikuta wanarudia tesiti moja baada ya nyingine na makosa yako palepale, majibu hayaandikwi neno kwa neno, maswali ya kufafanua hayaulizwi, alama zinajumlishwa ovyo. Kinachosaidia ni mtu akae na fomu yako na video yako akuonyeshe ulipoteleza, kabla hujaenda kwa mtoto mwingine. Na kujumlisha vibaya si kitu kidogo, wastani wa IQ ni 100 na mstari wa ulemavu wa akili unazungukia 70, pointi mbili tatu pale zinabadilisha maisha ya mtoto.

Halafu eti tukiitafsiri Kiswahili inatosha. Maswali yametafsiriwa sawa, ila viwango vya kulinganishia bado ni vya watoto wa Marekani! Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake walichapisha 2001 utafiti wa watoto wa Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Victoria: waliojua sana dawa za miti shamba hawakuwa ndio wanaong'ara kwenye vipimo vya kishule, kwenye baadhi ya vipimo ilikuwa kinyume kabisa. Mwanafunzi wangu akiandika kwenye ripoti kwamba namba hii ya IQ haimfai mtoto huyu, na kwa nini, huyo nampa maksi zake zote.